Matone Niliyompa Vukan kwa Siri

Mpendwa mshauri Bi Radojka, nisaidie mwenzio, nimefanya jambo na sasa mdomo umekuwa mzito. Mjukuu wangu Vukan ana miezi mitano, na tangu baridi ianze kichwa chake hutoka jasho mpaka mto unalowa, kisogoni nywele zimenyonyoka, na sisi tuliolea watoto hapa Knjaževac tunajua hiyo ni dalili ya matege, mtoto hana vitamini D, nikamwambia mkaza mwana wangu Tijana, akacheka, “Mama nawe! Daktari kamwona, mzima kabisa,” basi nikanunua matone ya vitamini hiyo mwenyewe na kila nikiachiwa mtoto nampa matano kwenye kijiko, wiki saba sasa, na jasho halikomi ingawa namlaza karibu na jiko, kofia ya sufu kichwani, dirisha silifungui kamwe, upepo usije ukampiga. Juzi nikagundua Tijana naye humpa matone hayo hayo, aliyoandikiwa na daktari, kila asubuhi. Sasa mtoto anatapika, maziwa hataki, choo siku ya nne hapati, Tijana analia, “Mama, umelea watatu, ana nini huyu?” nami nasema ni meno. Nikisema kweli sitaachiwa tena mtoto huyu. Je, niache matone kimyakimya?
Bibi wa Vukan

Bibi wa Vukan, hapana! Nakujibu redioni leo leo. Majina nimeyabadilisha, ila wewe unajijua.

Nimemuuliza daktari wa watoto. Anasema ni kweli vitamini D ina kazi zake kwenye ngozi, hata tezi za jasho huipokea, kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini jasho peke yake si ushahidi. Mtoto wa kofia ya sufu kando ya jiko atoke nini, theluji? Umemtia joto, ukaona jasho, ukalitibu. Nami niliwalea wangu hivyo hivyo, naujua woga wetu wa upepo, nakuonea huruma.

Ila matone yakizidi, madini ya kalsiamu hujaa kwenye damu na figo huumia. Hayo si meno, mwenzangu, na ukinyamaza daktari atabahatisha tu.

Mvue kofia. Shika chupa zote mbili, mwite Tijana, umwambie, “Mwanangu, nimempa matone bila kukwambia.” Basi, usiongeze neno. Nendeni hospitali sasa hivi, apimwe damu. Atakufokea, na ana haki.

Unaogopa kunyimwa mtoto. Hakikisha kwanza yupo mtoto wa kunyimwa.