Jagi la Maji ya Kunawa

Jumatatu, 3 Machi

Stima imepotea mara mbili. Nimechapa upya hotuba ya Madam, mkurugenzi wa shirika letu la haki za wanawake, kuanzia katikati. Mjadala ni Alhamisi. Mataifa yataketi Geneva, sisi tutaketi Kisii, juu ya duka la vitambaa, mbele ya kompyuta moja. Swali lao: je, mila inaweza kuwa sababu ya kumnyima mwanamke haki yake? Nimelichapa mara nyingi hadi limepoteza ladha.

Kazi yangu siku hiyo ni kufasiri. Omong'ina Kerubo, mama mzee wa heshima, atakuja kutoka Nyacheki kueleza alivyokataa kurithiwa na shemeji yake baada ya kufiwa na mume. Yeye atasema Ekegusii, mimi nigeuze Kiingereza.

Dada Kwamboka bado yuko nyumbani kwa Mama, Nyamira. Sikio la kushoto limekufa. Daktari amesema halitarudi. Aliyelipiga ni mume wake, Nyambane. Sikutaka kuliandika jina hilo. Limeandikwa.

Jumanne, 4 Machi

Baba mdogo Nyakundi amepiga simu. Tangu Baba afariki, neno lake ndilo neno la boma. Wazee wa kina Nyambane wanakuja Jumapili kutoka Masimba kumchukua mke wao. Walitoa ng'ombe wa mahari, ng'ombe hawajarudishwa, basi Kwamboka ni wao. Ndivyo alivyosema. Kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua.

Watakula, wakishakula mambo yamekwisha. Kwetu ni hivyo. Mgeni akinawa na kula chakula cha boma, neno lake limekubaliwa. Ninatakiwa nifike mapema nisaidie kuhudumia.

Kisha akanikumbusha, kwa upole, ng'ombe wale walikokwenda. Hakuwa na haja. Waliuzwa mmoja mmoja nikiwa chuoni. Karo yangu, vitabu vyangu, hiki Kiingereza ninachofasiria. Dada aliolewa, mimi nikasoma.

Nimemjibu, "Sawa, Baba." Hiyo tu. Najichukia.

Jumatano, 5 Machi

Nyambane alisimama ng'ambo ya barabara mchana wote. Alikula mahindi ya kuchoma, akatazama dirisha letu. Hakufanya kitu. Hilo ndilo linalotisha. Polisi utawaambia nini? Kwamba mtu anakula mahindi?

Hata kipigo chenyewe hawakukishughulikia. Dada alipokwenda kituoni aliambiwa mambo ya nyumba yamalizwe na wazee.

Jioni mama wa Kihindi mwenye duka la chini alinishika mkono, akanipitisha stoo, katikati ya marobota ya vitambaa, hadi mlango wa nyuma. Hakuuliza chochote. Alisema tu, "Huyu si mteja." Nilicheka njia nzima. Nilipofika chumbani nikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mjadala. Nitaandika polepole.

Mtandao ulishika. Nyuso ndogo ndogo nyingi kwenye kioo. Mjumbe mmoja alisema kwa adabu sana kwamba haki hizi ni mgeni aliyeletwa na wengine, na kila taifa liachwe na desturi zake. Mwingine akamjibu kwa vifungu vya sheria. Walipeana zamu, wakashukuruana. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilijiuliza ni nani kati yao ana dada.

Kisha zamu ya Omong'ina Kerubo. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alieleza vizuri. Wazee walimwita, wakamwambia shemeji atachukua nyumba. Akasema anakataa. Nikafasiri. Niliogopa lisije likasikika kama dharau mbele ya wakubwa wale, nikalilainisha kidogo. Nikasema aliwaomba wazee wamfikirie.

Akanigeukia.

"Umewaambia nini?"

Nikamwambia nimesema alivyosema.

"Hapana. Mimi nimekataa, wewe umeomba. Ona, wanatabasamu. Mtu akikataliwa hatabasamu."

Ni kweli, walikuwa wanatabasamu. Madam alinitazama. Nikawasha kipaza sauti, nikasema kwamba mfasiri amekosea, na mama amesema anakataa. Tabasamu zikaondoka kwenye kioo. Yule mjumbe wa adabu akamuuliza ni nani wa nje aliyemfundisha kukataa. Omong'ina akasema alijua kukataa kabla redio haijafika Nyacheki. Hilo nililifasiri neno kwa neno.

Tulipomsindikiza alinipiga kofi dogo la mgongoni. "Mtoto wangu, umesoma hadi umekuwa laini kama ndizi mbivu." Madam alicheka sana. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Madam habari za Jumapili. Mara ya kwanza. Amekasirika kwamba nimekaa nayo tangu Jumanne. Ameandikia polisi, amempigia wakili. Sheria iko upande wa dada, hakuna anayeweza kumrudisha kwa nguvu. Lakini wakili atapatikana Jumanne, na polisi hawajajibu.

Sheria ipo. Jumapili haitakuwa sebuleni. Nitakuwepo mimi.

Naogopa sana.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Kanisani Nyamira na Mama na Kwamboka. Dada aliimba akiwa nyuma ya wengine kwa neno moja, kwa sababu ya sikio. Wanawake wawili waligeuka. Hakujua.

Baada ya chakula akaniambia atarudi Masimba. Baba mdogo amesema wazi. Akikataa, Mama atoke kwenye shamba la majani chai. Mama alipanda chai ile na Baba kwa mikono yao. Dada alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga nguo. Nikamwuliza kama anataka kurudi. Akasema anayetaka ni nani. Nikamwuliza tena, upande wa sikio zima. Akasema hataki. Akasema atakufa kule.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Imefanyika. Nitaandika yote.

Walifika baada ya mvua. Wazee watatu, na Nyambane na viatu vyake vilivyopakwa rangi. Wanaume sebuleni. Sisi jikoni, tukisikiliza kupitia ukuta wa mabati kama wanawake wa boma hili walivyosikiliza siku zote. Haikuchukua muda. Ng'ombe walitajwa. Baba mdogo akasema msichana alikuwa na hasira za kitoto, zimepoa. Kwamboka alikuwa ameshafunga mkoba wake. Kisha Baba mdogo akaitisha maji.

Maji ni kazi ya binti wa nyumba. Nikachukua jagi na karai, taulo begani. Nikaingia. Yule mzee mkubwa wa Masimba, mwenye kofia, akanyoosha mikono.

Sikumimina. Niliona kiti kitupu karibu na mlango. Nikaketi. Nikaweka jagi sakafuni, katikati ya miguu yangu.

Hakuna aliyeelewa mwanzoni. Mzee alibaki na mikono hewani. Baba mdogo akasema nisikie, wageni wana njaa. Nikasema wana njaa, ndiyo. Akaniamuru nimimine. Nikaliweka karai mapajani. Mwanamume wa kwetu hawezi kujimiminia mbele ya wakwe. Hawezi pia kumpora binti jagi. Na bila kunawa hakuna kula, na bila kula hakuna neno.

Kuku alikuwa ananukia hadi barabarani.

Nyambane akasema huyu ndiye aliyemharibu mke wake, kwa haki za Wazungu. Mzee mwenye kofia akamnyamazisha kwa mkono ule ule mkavu. Baba mdogo akainama kwangu, akasema polepole, kwa sauti ya kusamehe mbele ya watu:

"Nyaboke. Sema basi, unaomba nini?"

"Siombi, Baba. Nakataa."

Nikawaambia dada hatoki hapa. Ng'ombe mnaowadai nimewala mimi. Wako kichwani mwangu, si mgongoni mwake. Nidaini mimi. Nitarudisha mmoja baada ya mwingine, mbele ya wazee, hadi waishe, na leo naanza. Nilisema naanza. Sikuwa na hata kamba.

Kisha tukasikia kwato. Mama alikuwa mlangoni, matope hadi kifundo, ameshika kamba ya ng'ombe wake wa maziwa. Ndiye pekee aliyenaye. Hakuingia. Alisema, "Huyu hapa. Shambani pia sitoki." Akaikabidhi kamba kwa mzee mwenye kofia.

Mzee alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akatazama jagi. Akashika kamba. Akipokea mmoja, amekubali ng'ombe kurudi na ndoa kuvunjika. Wote tulijua, na Nyambane alijua. Alitoka bila kuaga.

"Binti," mzee akasema, "umetufunga kwa njaa. Sasa mimina."

Nikamimina. Yeye kwanza. Baba mdogo alinawa mwisho, bila kunitazama. Hatanisamehe hivi karibuni. Maji yalimwagika kwenye viatu vyangu.

Jumamosi, 15 Machi

Wakili amekutana na dada. Nyambane amepewa onyo kwa maandishi. Baba mdogo hajatamka neno kuhusu shamba tena, wala hajanisalimu. Madam ametumiwa kumbukumbu za mjadala. Maneno ya Omong'ina yamo, yote mawili, langu la kwanza la kuomba na lake la kukataa. Nimeyaacha hivyo.

Leo baada ya kanisa tumekaa nyuma ya nyumba. Zizi tupu. Mama hana maziwa, tumekunywa chai ya rangi. Kwamboka ameanza kuimba kwa sauti ndogo, ule wimbo tulioimba kanisani asubuhi. Nimehamisha kigoda changu hadi upande wa kulia, penye sikio lake zima. Nikaanza kuimba naye.