Mama Alipompa Kayitesi Kahawa

Chonyonyo, Jumatatu

Mdogo wangu Elick,

Mkeo Kayitesi na watoto ni wazima, migomba imebeba vizuri.

Jumamosi niliwapeleka Bweranyange kutembea, watoto waone mabaki ya ikulu ya zamani. Mama akasema naye anakuja. Kayitesi akataka kubaki, nikamvuta mkono. Unajua jinsi mama anavyompa kila mgeni kahawa ya kutafuna kumkaribisha, akifika kwa mkeo anamruka, eti Mnyarwanda.

Pale kwenye magofu nilishindwa kujizuia. "Mama, watawala wa hapa walioa hata ng'ambo ya mto Kagera, kwa hao hao Wanyarwanda! Sisi ni nani tubague watu?"

"Adelgunda, hata magofuni unagomba? Nyamaza, watoto wanacheza."

Wakati wa kushuka kilima mama akateleza. Kayitesi akamdaka, akamshikilia mpaka chini. Mama akakaa kwenye nyasi akihema, akafungua pindo la kitenge, akatoa punje za kahawa. Mimi nikanyoosha kiganja, kama kawaida. Akanipita.

"Tafuna, mwanangu."

Kayitesi akanitazama mimi.

"Unamtazama huyo wa nini? Anayekupa ni mimi!"

Akapokea kwa mikono miwili. Nami, niliyebishana miaka yote hiyo, nikarudisha kiganja changu kitupu.

Jana mama aliniuliza njia ya kwenda Nyakatuntu, kwa wazazi wa Kayitesi. Nimekataa kumwelekeza. Nimemwambia mwanawe mwenyewe atampeleka.

Omba likizo.

Dada yako mgomvi,
Adelgunda