Maji ya Rejeta ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni fundi wa magari na naona aibu hata kuandika haya, gari la mama mkwe linapoteza maji ya rejeta na sijui yanakokwenda, nimebadilisha mipira, pampu na kifuniko, chini ya gari pakavu, oili safi, moshi mweupe hakuna, nikamwambia, "Mama, limepona," akanisifu mbele ya mashemeji wote, na tangu hapo kila asubuhi napita kwake najidai namsalimia, akiingia ndani tu nafungua boneti naongeza nusu lita, sasa anasema nina adabu kuliko wanawe wa kuwazaa, na Jumamosi anapanda mlima na wanangu wawili kwenda kwa dada yake, je, nimwambie ukweli nidharaulike, au nimpe galoni la maji nimwambie ni ya kunawa? Yeye analalamikia wajukuu tu, eti wanamwaga maji, zulia la mbele halikauki, na kioo kinaingia ukungu wenye harufu tamutamu.

Mkwe Mwenye Adabu

Pole, ndugu yangu, lakini umenikasirisha. Ya kunawa! Injini ichemke mlimani, bibi wa watu afungue rejeta ya moto ababuke uso mbele ya wanao, na wewe unawaza sifa?

Nimemsomea barua yako fundi wa rejeta aliye mkabala na ofisi yetu. Nilipofika kwenye zulia akanikatiza: "Mwenzangu amejijibu mwenyewe." Anashuku hita, ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi inayopitisha maji yaleyale ya moto kupasha joto ndani ya gari. Inavujia ndani ya gari, ndiyo maana chini pakavu, na harufu tamu ni ya dawa ya rejeta. Kila siku unainamia boneti, hujapiga goti hata mara moja kugusa zulia, kwa sababu ulishaamini ni watoto.

Injini ikiwa baridi, funga kipimo cha presha kwenye rejeta, piga pampu yake, kisha tazama mshale. Mshale ukishuka, na zulia likazidi kulowa, badilisha hita.

Lakini kwanza nenda kwa mama mkwe leo hii, useme: "Mama, nilikudanganya. Gari halijapona. Naomba funguo." Atakasirika, na ana haki. Usijitetee. Jumamosi ikikukuta hujamaliza, wapande basi, na wewe uwasindikize, mizigo yote begani kwako.