Mbao Sita za Upande Mmoja

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini u mzima, shemeji ni mzima, na watoto wameshapona yale mafua. Na Baba je? Anakula? Analala vizuri? Namuulizia mapema hivi kwa sababu barua hii ni yake, ingawa nimekuandikia wewe.

Sisi hapa hatujambo. Miezi mitano ya ndoa, wifi, na bado moyo unanidunda nikisikia mdogo wako anapangusa viatu mlangoni. Siku ya harusi ulininong'oneza kwamba nimechukua mwanamume anayekoroma kama trekta, na kwamba mali ikishatoka dukani hairudishwi. Ni kweli anakoroma. Nami nimezoea mlio huo kama mtu aliyezoea mvua juu ya bati. Akinyamaza ndipo naamka. Wino wa kiwandani haumtoki vidoleni, kila anachogusa kina alama yake, vikombe, mapazia, hata kitambaa changu cheupe cha kichwa. Kitambaa hicho sijakifua. Nicheke tu, najua utanicheka.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeandika kwamba Baba amekonda kidogo, kwamba anashinda barazani mikono ikiwa magotini, na kwamba sanduku lake la vifaa umelifungia kabatini na ufunguo unatembea nao, asije akajikata. Umesema amekuomba randa yake mara mbili, aishike tu, nawe ukamwambia kazi aliyofanya maishani inatosha, sasa apumzike. Mwishoni ukanishukuru mimi, kwamba bila macho yangu msingejua mapema kuwa akili yake imeanza kupungua. Shukrani hizo nilizisoma nimesimama. Nikakaa.

Acha nikusimulie yote, maana wewe uliyasikia kwa simu tu.

Baba alipohamia chumba chetu cha nyuma, alitangaza kwamba ametengeneza milango, vitanda na makabati kwa miaka arobaini, vitu visivyokwenda popote, na sasa kabla hajafa atatengeneza kitu kinachosafiri. Ndiyo ikaanza merikebu ya matanga, ndogo, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye kidole. Alisema ni zawadi yetu ya harusi, imechelewa kidogo kwa sababu fundi ni mmoja na wateja ni wasumbufu. Meza akaiweka karibu na dirisha la sebuleni, na vumbi la mbao likaingia mpaka kwenye sukari. Majirani wakambatiza Mzee Msasa.

Kwanza aliweka mkuku, ule uti wa mgongo wa merikebu, akaubana kwenye jiliwa usitikisike. Kisha akapanga mataruma, zile mbavu, kumi na tatu, kila moja alilikata na kulipiga msasa mpaka likakaa kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Baada ya hapo zikaja mbao za kufunika mbavu, nyembamba kama rula ya shule. Kazi yangu ilikuwa kuziloweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka zilainike, ndipo Baba na mdogo wako wazikunje, wazipake gundi na kuzibana. Baba akaniita mpishi wa mbao. Alisema mbao zangu zinaiva vizuri kuliko wali wangu, na mdogo wako, msaliti, akacheka mpaka akapaliwa.

Unajua kuliko mimi jinsi wawili hao walivyonuniana tangu mdogo wako alipokataa useremala akaenda kiwanda cha uchapaji. Laiti ungewaona jioni zile! Walibishana kama mashabiki wa mpira, mmoja akisema ubao umezidi unene wa unywele, mwingine akisema mzee huo unywele ni wako au wa farasi. Na kila ubao ulipowekwa Baba alirudia amri yake: mmoja kushoto, mmoja kulia, kama mtu anayetembea, na jozi ikauke kwanza ndipo jozi nyingine ifuate. Mume wangu aliniambia amri hiyo aliisikia tangu akiwa mtoto, hata kwenye kuvaa viatu.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mdogo wako alirudi saa kumi akamkuta Baba amesinzia kwenye kiti chake, brashi ya gundi iko kando ya kiwiko chake, na merikebu iko mezani nje ya jiliwa. Upande wa kulia ulikuwa umefunikwa mbao sita kwa mpigo, upande wa kushoto uko wazi. Mbao zilipokauka zilivuta, mkuku ukajipinda kama ndizi, na mataruma mawili yakang'oka. Kazi ya miezi minne. Akamwamsha akamuuliza, Baba, umefanya nini?

Baba aliinua merikebu, akafumba jicho moja, akautazama mkuku kutoka mbele hadi nyuma. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mlango wa jikoni na taulo mikononi. Akasema taratibu kwamba labda amepitiwa, uzee una mizaha yake.

Chumbani mume wangu alilia. Alisema afadhali baba yake angevunjika mguu kuliko kusahau kushoto na kulia. Nikampapasa mgongo. Nikamwambia mimi nilishaona dalili: juzi Baba aliacha jiko linawaka, na mara mbili ameniita kwa jina la marehemu Mama. Usiku uleule akakupigia simu, na Jumapili ukaja kumchukua, yeye na sanduku lake.

Wifi, mbao zile nilizibandika mimi.

Asubuhi ya siku ile mume wangu alisema, akinywa chai, kwamba angetoa chochote aone upande mmoja umefungwa, ajue uzuri wa tumbo la merikebu. Nami nikataka nimpe. Ndivyo nilivyokuwa, kila alichokitamani nilitaka akikute mezani. Baba aliposinzia baada ya chakula niliitoa merikebu kwenye jiliwa kwa sababu jiliwa lilinizuia mkono, nikabandika upande mmoja tu, haraka haraka, nikiona fahari. Ile amri ya kushoto na kulia niliidhani ni maringo ya mafundi. Nilipokuwa nanawa jikoni nikasikia ta! Ni taruma la kwanza likitoka. Nilirudi nikaona, nikaenda tena jikoni, nikasimama. Nilisimama hivyohivyo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Jiko linalowaka nililisahau mimi mwenyewe. Na jina la Mama Baba hajaniita hata siku moja. Yeye huniita Bi Harusi. Hilo la Mama nililitunga kwa sababu nilitaka uongo wake uonekane kweli, ili uongo wangu ujifiche nyuma yake. Mume wangu alikuwa hajawahi kunitazama kama mtu anayeweza kukosea. Niliogopa kuyapoteza macho yale, nikayanunua kwa akili ya baba yenu.

Na Baba alijua. Ile Jumapili, wewe ukiwa nje unapanga mizigo, nilikuwa nakunja mashati yake. Akaninong'oneza kwamba gundi ya kwenye kucha hutolewa kwa siki ya uvuguvugu, nisikwangue kwa kisu, nitajiumiza. Akachukua kofia yake akatoka. Wiki tatu sasa, na sijasahau hata neno moja. Kucha zimetakata, ila kila nikiziangalia nainamisha kichwa.

Leo asubuhi nimemwambia mdogo wako. Alikuwa anafunga viatu. Hakupiga kelele. Aliuliza kama na habari ya jiko ilikuwa uongo, nikasema ndiyo. Akauliza na jina la Mama je, nikasema ndiyo. Akakaa na kiatu kimoja mguuni, akasema, "Hata Mama ukamtoa kaburini aje akusaidie." Akaenda kazini bila kunywa chai.

Adhuhuri alirudi, jambo ambalo halifanyi. Alipanda kwenye kiti akaishusha merikebu kutoka juu ya kabati, akaizungushia shuka. Ndipo akasema Jumamosi tunakuja kwenu: yeye atabeba merikebu, na mimi nibebe mdomo wangu. Nampenda, wifi. Nampenda zaidi leo anaponiona nilivyo, na sijui kama yeye anaweza kusema hivyo juu yangu. Hilo nitalisubiri.

Wewe nakuomba radhi. Nilikufanya umfungie baba yako mikono, ukidhani unamtunza. Nitukane nikija, ni haki yako, lakini lile kabati usingoje Jumamosi kulifungua. Na barua hii usimsomee. Mpe aisome mwenyewe. Macho yake ni mazima kuliko yetu sote.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Kwa Baba sithubutu kutuma salamu. Nitazileta kwa magoti yangu.

Ni mimi, wifi yako, mwenye haya,
Mke wa mdogo wako