Mashua ya Pembea Iitwayo Sahali

Mombasa, 9 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Famau,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima. Natumai nawe u mzima, maana ninalokuandikia halimfai mgonjwa.

Zaituni, binti wa ami yetu, amenitumia picha za uwanja wa pembea mliofungua hapo Kismayu, ule wa mfano wa visiwa vyetu. Nimeviona vibanda vya makuti ya plastiki vilivyoandikwa Chula na Ngumi, na vijana mliowavisha vikoi wakikata tiketi. Hayo ningeyanyamazia. Lakini ile mashua kubwa inayopembea juu ya bwawa mmeiandika Sahali.

Famau, Sahali ndiyo iliyozama na mama mwaka 1991, watu wakiikimbia Chula kwa vita. Leo mtu anaita kwenye spika, "Nani jasiri apande Sahali?" na watu wanapiga mayowe kwa raha. Zaituni anasema wewe ndiye msimamizi wa mashua hiyo, na jina ulilitoa wewe. Lifute kabla ya Ramadhani.

Dadako,
Bimkubwa

Kismayu, 2 Machi 2024

Dada Bimkubwa,

Wa alaykum salaam. Miguu yako bado inavimba? Nauliza kwa sababu mama angetaka niulize.

Tajiri wetu, Nassor, alitaka jina la chombo cha visiwani cha kweli. Nikampa nilijualo. Silifuti.

Wewe ulikuwa umeshatangulia Mombasa na ami. Mimi nilikuwa mle, mtoto wa miaka tisa, nikang'ang'ania dumu la maji mpaka wavuvi wakaniokota. Nilipofika kwako nikaanza kukuhadithia, ukaniambia, "Nyamaza, utaniliza." Nimenyamaza miaka thelathini na tatu. Sasa watoto wa mji huu wanalitamka jina hilo kila siku, na wengine huniuliza lilitoka wapi. Nawaeleza. Wao hunisikiliza.

Mdogo wako,
Famau

Mombasa, 27 Juni 2024

Famau,

Salamu ni ile ya dini. Zaidi ya hiyo sina.

Hukupata jibu kwa sababu nilikuja mwenyewe. Baada ya Idi nilipanda ndege, nikafikia kwa Zaituni, nikamkataza asikwambie. Mkobani nilikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi. Askari wa mlangoni alipekua, akavichukua vyote viwili.

Nikaingia hivyo hivyo. Nikapita vile vikombe vinavyozunguka, na gurudumu lenye viti vilivyochongwa kama kasa, watoto wakilia kwa kunyimwa zamu ya pili. Nikasimama kwenye foleni ya Sahali nikukabili mbele ya watu. Miaka kumi na mmoja hatujaonana, nami nilikuwa na nikabu. Nilipokufikia, nikajikuta nakunyooshea tiketi. Ukaipokea, ukanifunga mkanda, ukauvuta mara mbili, ukaniambia, "Kaa vizuri, mama."

Mashua ikapanda. Nikaiona bandari yote. Msichana wa pembeni, nisiyemjua, akanishika mkono na kupiga kelele. Na mimi nikacheka, Famau. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, ndani ya chombo chenye jina lile. Tangu siku hiyo sijui niiweke wapi aibu hii. Wewe ndiye uliyeniingiza ndani yake, na kwa hilo sikusamehe.

Dadako,
Bimkubwa

Kismayu, 11 Julai 2024

Dada,

Wa alaykum salaam. Afya yangu si mbaya.

Nilikujua. Tiketi uliitoa kwa mkono wa kushoto, jambo alilokugombezea mama utoto wako wote. Nikakufunga mkanda kama mgeni, kusudi. Nilitaka upande na uogope, japo kwa dakika tatu, huku mimi nikikutazama kutoka chini.

Kisha nikakisikia kicheko chako. Hasira zilizonipanda siku ile sijawahi kuzijua. Nilibonyeza kitufe, nikaisimamisha mashua kabla ya wakati wake. Watu wakateta, Nassor akanikaripia mbele ya wafanyakazi. Ulinipita mlangoni ukifuta macho chini ya nikabu, na mimi nikajifanya nahesabu tiketi.

Jina halijafutwa, wala halitafutwa. Lakini ukija tena usijifiche. Njoo asubuhi kabla hatujafungua, uwanja ukiwa mtupu. Tutakaa ndani ya mashua ikiwa imesimama, na nitakuhadithia tangu tulipoondoka Chula. Safari hii hutaninyamazisha.

Mdogo wako,
Famau