Roboti Iliyokataa Maharage ya Papa Bahati

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Paneli ya jua haikupata kitu, betri nusu. Tumefanya kazi hivyo hivyo. Roboti yetu inachambua maharage: mkono unachukua punje, jicho linapima rangi, mkono unatupa kulia kama ni nzuri, kushoto kama imeoza. Mota tulizitoa kwenye mashine ya kuchapa iliyokufa ofisini. Maharage ya soko la Kashebere imeyachambua vizuri. Programu karibu yote ameiandika Furaha. Mimi mwalimu wake nasahihisha nukta na mabano tu, na wakati mwingine naongeza makosa yangu.

Mchana amefika baba yake, Papa Bahati, matope mpaka magotini. Mkulima wa mlimani, upande wa Masisi. Hana maneno mengi. "Madamu, siku ya tano nitakuya na maharagi yangu mwenyewe. Kama hii kitu iko michezo ya batoto, Furaha atashuka Walikale kwa shangazi yake, akauzishe duka." Nimejibu sawa, Papa. Nimejibu kwa kiburi kabisa.

Jumanne, 10 Oktoba

Furaha ameleta maharage ya kwao tujaribu. Roboti imeyakataa. Yote. Kushoto, kushoto, kushoto. Punje ngumu, nzima, hakuna hata tundu. Tumebadilisha vipimo vya rangi mara sijui ngapi. Nimekuwa mkali kwa kila mtu. Furaha amesema polepole, "Madamu, maharagi ya kwetu haiko mabovu." Najua, mwanangu.

Jumatano, 11 Oktoba

Leo mbaya zaidi. Sasa inakubali kila kitu, hata kokoto. Programu iliyokuwa ikifanya kazi tumeandika juu yake, na nakala hatuna. Mimi ndiye niliyesema tutakumbuka. Prefe, mkuu wetu wa shule, amechungulia mlangoni, akacheka, akaenda zake. Nimemchukia.

Kila siku nawaambia wanafunzi: roboti inafanya ulichoiambia, haifanyi ulichotaka. Leo maneno hayo yamenichosha. Namwona Furaha nyuma ya meza ya duka huko Walikale, anapima chumvi, na kichwa chake kile chote. Naogopa. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 12 Oktoba

Siku hizi mbili nimekiona cha mtema kuni, halafu jibu limenipata jikoni kwangu. Jana jioni nilikuwa nachambua maharage ya kupika, yaliyobaki kwenye mbegu za mama mkwe. Nikajipangusa uso. Mume wangu akauliza tangu lini nina ndevu.

Majivu. Kwetu maharage ya kuweka kwa mbegu yanachanganywa na majivu, wadudu wasiyatoboe. Nimeyaona hivyo tangu nizaliwe, kwa hiyo siyaoni. Furaha naye vile vile. Jicho la roboti halikuzaliwa huku. Liliona kijivu, na sisi wenyewe tuliliambia kijivu ni ukungu. Ya sokoni yalikuwa yamepanguswa ili yampendeze mnunuzi. Nimecheka peke yangu mpaka mume wangu akawa na wasiwasi.

Kuosha haiwezekani. Nani atakubali mbegu zake zilowe kabla ya kupanda? Furaha amekata kipande cha kitenge kikuukuu, akakizungushia mota ya akiba. Programu ya zamani ilikuwa chukua, tazama, tupa. Mpya ni chukua, sugua, tazama, tupa. Hatua moja tu iliyokosekana. Kisha tumeionyesha upya punje nzuri na mbovu, moja moja, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Mpaka tunafunga ilikuwa inakosea mara chache. Nakala tumeweka, safari hii.

Ijumaa, 13 Oktoba

Papa Bahati amekuja na shati la kanisani. Maharage ameyamwaga mwenyewe. Akachomoa mfukoni mabovu machache na punje ya mahindi, akachanganya mbele yetu bila aibu. Mjanja. Nimempenda kidogo kwa hilo.

Mkono umekwama papo hapo. Furaha hata hakunitazama, amekikaza kile kitenge, akaanzisha tena. Kulia. Kulia. Kushoto. Mahindi: kushoto. Papa Bahati ameinama, ameokota moja la kushoto, amelipasua kwa ukucha. Limeoza ndani.

Hakuniuliza mimi, alimuuliza binti yake. "Ni nani aliambia hii kitu isugue kwanza?"

"Njo miye, papa."

Amenigeukia. "Madamu, abakie."

Basi. Neno moja. Nimekaa kwenye benchi la wanafunzi kama mgonjwa. Baadaye nimelia nyuma ya darasa, kilio cha raha, pua na yote. Nimekula sahani mbili za sombe, majani ya muhogo, na nimechapa usingizi mchana kweupe. Sijutii.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mawingu, hakuna mvua. Hesabu saa mbili za kwanza, kisha usomaji. Chaki zinakaribia kwisha.

Furaha amefika kengele imeshalia, viatu mkononi, anahema. Nimemgombeza kama mwanafunzi mwingine yeyote.