Bega Lisilouma

Minnesota
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Kikohozi chake kimepungua, au bado anakidharau? Na mdogo wangu Bhoke anaendeleaje na mitihani? Mimi ni mzima na nakula, kwa hiyo usianze. Shangazi Phelesia huniletea ugali kila Jumapili, ameuviringisha kwa taulo ili usipoe njiani. Wenzangu wanadhani ni keki.

Nimeandika kwa mkono na kupiga picha, maana najua utakavyosema: ujumbe wa simu si barua.

Msimu umekwisha, tumeshinda mechi tisa kati ya kumi. Sasa zinakuja mechi za mtoano. Huko hakuna marudio, ukishindwa moja unarudi nyumbani. Yetu ni Jumamosi tarehe 30, ugenini. Unaijua kazi yangu, Mama. Katika mpira huu wa Kimarekani mimi ndiye kwotabaki, yule anayesimama nyuma ya majitu matano yanayomlinda, anapewa mpira, na ana kama sekunde tatu za kuamua amrushie nani kabla hajaangushwa. Mwaka jana kwenye mtoano niliwarushia wapinzani mara tatu. Mara tatu, kana kwamba ndio walionisomesha.

Kocha anatuonyesha video za mastaa wa televisheni. Wapo ambao msimu mzima ni wafalme, halafu mtoano ukifika mikono inakuwa ya mbao. Na wapo wachache ambao hawatikisiki. Nilidhani hao wachache huongeza kitu siku hiyo, nguvu au ujanja fulani. Nimekaa nikahesabu mwenyewe. Hawaongezi chochote. Wanarusha vile vile walivyorusha mwezi wa tisa. Basi hilo tu ndilo linalonishinda.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimefikiria kumwambia kocha kwamba bega langu linauma. Haliumi. Lakini nikisema hivyo atamchezesha mwenzangu wa mwaka wa pili, na hakuna atakayenilaumu. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni. Sitaki kuaibika tena mbele ya watu wale wale.

Usimwambie Baba.

Mwanao,
Magige


Kehancha, Migori
Jumatano, 20 Novemba 2024

Mwanangu Magige,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Sisi tuko salama. Baba yako anakohoa na anasema hakohoi. Bhoke amebakisha karatasi mbili, na ndiye atakayepiga picha barua hii, lakini nimemwonya asisome. Najua atasoma.

Sitakuambia uende wala usiende. Bega ni lako na mdomo ni wako. Nitakuambia tu habari moja ya baba yako, na akijua nimeitoa nje atanuna wiki nzima, kwa hiyo na wewe funga mdomo.

Aliponitaka, baba yangu kule Karungu hakupenda. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, hata kugombana ilibidi tujifunze kwa Kiswahili, ndiyo maana ninyi mlilelewa nacho. Baba yangu akasema, kabla ya kuzungumza habari ya mahari, huyo kijana alete maksai wake anilimie shamba la juu, nimwone mkono. Alidhani amemtega. Lakini baba yako Masese hakuogopa, maana hata majirani zake walikuwa wakimwita awalimie. Mistari yake ilinyooka.

Siku yenyewe wajomba zangu wote wakatoa viti, wakakaa upande wa kulia wa shamba. Wanawake tukasimama karibu na boma. Baba yako alikuwa na maksai wanne. Mmoja, yule mweupe mwenye pembe nzuri, alizoea kufungwa upande wa kushoto tangu alipofundishwa. Basi unajua alichofanya? Alimhamishia kulia, ili wakwe wamwone vizuri.

Magige, maksai aliyezoea kushoto ukimfunga kulia hajui aende wapi. Yule mweupe akawa anamsukuma mwenzake, mwenzake anasukuma nira, plau inaruka. Mstari wa kwanza ulipinda hadi ukaingia kwenye katani. Wa pili ukaukuta wa kwanza. Wajomba wakacheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Kadiri walivyocheka ndivyo baba yako alivyopiga mjeledi, na kadiri alivyopiga ndivyo mambo yalivyoharibika. Nilitamani nizame ardhini.

Mwishowe akasimamisha. Nilidhani atasema plau ni mbovu, au ardhi ya Karungu ina mawe. Hata mimi nilikuwa nimeshamtafutia kisingizio. Akatembea hadi kwa baba yangu, jasho linamtoka, akavua kofia akasema, "Mzee, nimeogopa macho yenu nikabadilisha ng'ombe. Naomba niwarudishe mahali pao nianze tena."

Akawarudisha. Akalima mpaka saa tisa, na wajomba wakachoka kutazama kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuchekesha tena. Baba yangu aliniambia jioni ile, huyu anaweza kukuoa.

Ni hayo tu. Mwaka jana ulipocheza ile mechi sikuelewa kitu, lakini niliona hukuwa ukiongea na yale majitu yako kama unavyofanya siku zote. Ulikuwa unatazama watu waliokaa.

Kula.

Mama yako,
Zilpah


Kehancha
Alhamisi, 28 Novemba 2024

Magige wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Siku nane na hujaniandikia hata mstari. Shangazi yako anasema uko mzima ila hupokei simu zake. Baba yako ameniuliza mara mbili mbona natazama simu ya Bhoke kila saa, nikamwambia nangoja bei ya mahindi.

Labda nilisema sana. Kama umeamua bega linauma, basi liume, mimi bado ni mama yako na sitakuuliza. Lakini niandikie. Ukimya wako ndio unaonisumbua, si mpira.

Jumapili nitashuka Homa Bay kwa mjomba wako Cephas. Atanitafutia mtandaoni mechi yenu iliyorekodiwa. Kama hutakuwepo uwanjani nitaona, na nitakunywa chai nirudi nyumbani.

Mama


Homa Bay
Jumapili, 1 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka dukani kwa mjomba wako. Naandika juu ya kaunta yake, katikati ya chaja na simu zilizovunjika vioo, kwa hiyo leo usinicheke mwandiko.

Nimefika baada ya kanisa. Cephas akaweka simu juu ya kopo la rangi, mkewe Lorine akaleta chai. Wachezaji wakatoka. Nikatafuta namba yako na sikuiona, nikasema moyoni, sawa, ameamua. Kumbe ulikuwa nyuma ya lile jitu lako la katikati, umemshika bega, unamwambia kitu na anacheka. Magige, nililia. Nililia mbele ya wateja, na mzee mmoja aliyeleta redio yake akanipa pole akidhani nimefiwa.

Mengine sikuyaelewa. Cephas naye haelewi lakini anapiga kelele kama anayeelewa. Nilichoona ni kwamba ulikuwa unaongea nao kabla ya kila mpira. Uliangushwa mara nyingi, nikahesabu saba, halafu nikaacha. Kila ulipoinuka uliwainua na wao. Kuna mara moja uliurusha mpira ukawaangukia wapinzani, nikafunika uso. Nilipofunua ulikuwa umeshawarudia watu wako, unawaelekeza kwa kidole.

Cephas akaniambia mmebakiza sekunde tisa, na mko nyuma kwa alama nne. Ukapewa mpira. Ukarudi nyuma hatua tatu. Wale wa upande wa pili wakaja kama wamefunguliwa zizini, na wewe hukukimbia, ulisimama tu unatafuta. Ukainua mkono. Mpira ukatoka, ukapanda juu sana.

Halafu picha ikaganda. Cephas akashika kichwa, akaniita dada yake kwa Kijaluo: "Nyamera, bundles imeisha! Ngoja ninunue ingine, ama nitafute tu matokeo."

Nikamkataza. Nimempokonya simu na niko nayo mfukoni ninapoandika, ananitazama kama mwizi. Lorine anasema nina wazimu. Wacha waseme. Nilikuja Homa Bay kuona kama mwanangu atakuja uwanjani, na alikuja, akasimama pale pale wanapomwangusha. Nimefurahi sana, Magige. Hayo mengine nataka kuyasikia kutoka kwako, kwa mwandiko wako wa kuku.

Mama yako


Minnesota
Jumanne, 3 Desemba 2024

Mama yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani, na umrudishie mjomba simu yake, masikini.

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako niliisoma mara nyingi, na kila nilipotaka kujibu niliona sina la kusema mpaka nifanye kitu. Siku mbili kabla ya mechi niliwaita wale watano kwenye meza ya chakula. Nikawaambia naogopa mtoano, kwamba mwaka jana nilibadilisha kila kitu kwa ajili ya watu waliokuja kutazama, na kwamba mwaka huu nilikuwa tayari kumdanganya kocha. Sikuweza kuwatazama usoni.  Kisha yule wa katikati, mwenye uzito wa kilo mia na arobaini, akasema yeye hutapika chooni kabla ya kila mtoano tangu sekondari na hajawahi kumwambia mtu. Mwingine akasema, "Kumbe ni wewe!" Tulicheka hadi wapishi wakaja kutuangalia. Baadaye nikamwambia na kocha. Akasema basi tutarusha mipira ile ile ya mwezi wa tisa.

Ndiyo hiyo tuliyorusha, Mama. Hata ule wa mwisho. Nilikuwa nimeurusha mara hamsini msimu huu.

Sasa sikiliza. Mpira ulipotoka mkononi walinibamiza chini, na mmoja wao akanilalia kifuani. Sikuona kitu ila mbingu kidogo na kofia yake. Nikabaki kusikiliza. Uwanja ule ulikuwa na watu elfu sita, karibu wote wenyeji, na walikuwa wakipiga kelele tangu mwanzo wa mechi hata tukawa tunaongea kwa vidole. Wakanyamaza. Wote, kwa pamoja. Nikasikia bendera zikipigwa na upepo, na mbali kabisa, kwenye kona, watu wetu wachache wakipiga mayowe. Hapo nikajua umedakwa na mwenzetu ng'ambo ya mstari wa mwisho, alama sita, tumeshinda.

Jumamosi tunacheza tena. Ninaogopa vibaya, na safari hii wote wanajua.

Mwanao,
Magige